Mwanajeshi Mstaafu Anapoitwa Relini

Nchini Marekani, kijana aliyejiunga na jeshi akiwa na miaka 18 anaweza kustaafu akiwa na miaka 38. Akitimiza miaka 20 ya utumishi hulipwa pensheni kila mwezi maisha yake yote: kwa mfumo wa zamani ni nusu ya wastani wa mshahara wake wa msingi wa miaka mitatu iliyomlipa vizuri zaidi, na kwa mfumo ulioanza 2018 ni asilimia 40 pamoja na akiba aliyochangiwa. Fedha hizo ni nadra kutosha kwa mtu mwenye watoto shuleni na nyumba ya kulipia, naye bado ana nguvu za kufanya kazi. Kampuni za treni za mizigo humtafuta, na uhusiano huo ni wa siku nyingi. Grenville Dodge, jenerali wa upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, aliingia kampuni ya reli ya Union Pacific mwaka 1866 akiwa mhandisi mkuu. Wengi waliotandaza mataruma hadi Utah, ambako reli ya kuvuka bara ilikamilika 1869, walikuwa askari waliotoka kwenye vita hivyo.

Sababu inayotajwa kila mara ni nidhamu: askari huwahi kazini, hufuata taratibu za usalama, hastuki akiamshwa usiku. Yote hayo ni kweli, ila naona humfaa mwajiri kuliko yanavyomfaa mstaafu mwenyewe. Relini cheo cha jeshini hakihesabiki. Kinachohesabiki ni tarehe ya kuajiriwa. Sajenti aliyeongoza kikosi atakaa nyuma ya kijana wa miaka 23 aliyemtangulia kwa wiki moja, na kijana huyo ndiye atakayechagua kwanza zamu na likizo. Mgeni kwenye treni za mizigo huwekwa katika orodha ya akiba. Husubiri simu usiku na mchana, na ikilia huwa na kama saa mbili tu za kufika kazini. Sheria inaruhusu awe kazini kwa muda usiozidi saa 12, kisha apumzike saa 10 bila kusumbuliwa, na mara nyingi mapumziko hayo huyapata hotelini katika mji wa mbali.

Sababu yenye uzito ni kwamba mstaafu huyu anaingia relini akiwa tayari na pensheni mkononi na bima ya afya anayoendelea nayo. Mizigo ikipungua, kampuni husimamisha watu bila mshahara, na wa mwisho kuajiriwa ndiye wa kwanza kutolewa. Mwaka 2022, Martin Oberman, aliyekuwa mwenyekiti wa bodi ya serikali inayosimamia biashara ya reli, alieleza kwamba kampuni kubwa zilikuwa zimepunguza wafanyakazi wapatao 45,000 katika miaka sita, sawa na asilimia 29. Desemba mwaka huohuo Bunge na Rais waliwawekea wafanyakazi kwa sheria mkataba ambao vyama vinne kati ya 12 vilikuwa vimeukataa. Uliongeza mishahara kwa asilimia 24 katika miaka mitano, lakini haukuwapa siku za kuugua zenye malipo walizozidai. Baadhi ya vyama vilizipata baadaye kwa makubaliano na kampuni. Katika kazi inayoyumba hivyo, mwenye kipato kingine anaweza kuvumilia miezi ya kusimamishwa, na anaweza pia kuondoka akiona anaonewa. Kijana mwenye mkopo wa nyumba na asiye na kipato kingine hana nafasi hiyo.

Wapo watakaosema kwamba kivutio kikubwa ni pensheni ya reli yenyewe, inayoendeshwa na bodi yake maalumu tangu miaka ya 1930. Hapa ndipo mstaafu anapaswa kukaa na kikokotoo kabla ya kusaini chochote. Pensheni kamili katika umri wa miaka 60 hutolewa kwa aliyetumikia reli miaka 30, na miaka ya jeshini huhesabiwa kama utumishi wa reli kwa yule tu aliyekuwa ameajiriwa relini kabla ya kwenda jeshini, tena kwa vipindi maalumu vya vita au hali ya hatari. Aliyeanza na jeshi hana sifa hiyo. Akiajiriwa na miaka 40, miaka 30 ataitimiza akiwa na 70. Hata hivyo hatoki mikono mitupu: miaka mitano tu ya utumishi humpa haki ya pensheni ya uzeeni, iliyopunguzwa akiichukua na miaka 62, kamili akisubiri hadi 67. Mishahara yake ya jeshini huingia kwenye hesabu ya sehemu ya kwanza ya pensheni hiyo. Sehemu ya pili hutokana na reli peke yake, na humo mfanyakazi huchangia asilimia 4.9 na mwajiri 13.1, hadi kikomo cha mshahara kilichowekwa. Ni faida nzuri, lakini ni ndogo kuliko ile inayosimuliwa na wakongwe walioanza kazi wakiwa vijana.

Pingamizi jingine ni kwamba familia ya askari imekwisha kuzoea kutengana. Sikubaliani nalo. Safari ya jeshini, hata ikiwa ndefu, kwa kawaida huwa na mwezi wa kwenda na mwezi wa kurudi; simu ya treni ya mizigo inaweza kulia wakati wa mahafali ya mtoto au katikati ya chakula cha jioni, mwaka baada ya mwaka. Mke au mume aliyesubiri miaka 20 ana haki ya kuulizwa kabla barua ya maombi haijatumwa. Kwa sababu hiyo ningemshauri mstaafu mwenye familia atazame kwanza karakana za injini na ufundi wa taa na mitambo ya kuongozea treni, kazi ambazo kwa kawaida zina saa zinazotabirika zaidi. Fundi wa umeme au wa magari ya kivita huko hujikuta na ujuzi unaohitajika hasa. Ikiwa mafunzo ya kazini yameidhinishwa, mafao ya elimu ya wanajeshi yanaweza kumlipa posho ya makazi juu ya mshahara, ikipungua kila baada ya miezi sita.

Anayetaka kuendesha treni apime masikio mapema. Ulemavu unaolipiwa fidia mara nyingi zaidi miongoni mwa wanajeshi wa zamani wa Marekani ni mvumo masikioni, upungufu wa kusikia nao ni wa kawaida, na kanuni za serikali kwa madereva wa treni zinataka sikio lililo zima zaidi lisipungukiwe kwa zaidi ya wastani wa desibeli 40, kwa kifaa cha kusaidia kusikia au bila kifaa. Macho nayo lazima yatambue rangi za taa za reli. Vipimo hivyo hufanywa kabla ya leseni kutolewa, na kurudiwa kwa vipindi baada ya hapo.