Helmeti ya kidevu cha kuinuka: Kagua komeo kabla ya kununua

WAENDESHAJI pikipiki wanaopitia Lukenya, Kaunti ya Machakos, hukabiliana na jua kali, vumbi na malori mazito ya Barabara Kuu ya Nairobi-Mombasa. Ndiyo maana helmeti ambayo sehemu yake ya kidevu huinuka kama kifuniko inaweza kuwafaa. Mwendeshaji huifunga awapo safarini, akaiinua anapoegesha ili apate hewa au azungumze na mteja bila kuivua.

Hata hivyo, urahisi huo una hatari yake. Helmeti ya kawaida inayofunika uso wote ni gamba moja lisilo na kiungo, ilhali hii ina bawaba na komeo. Komeo likiwa hafifu, kidevu chaweza kufunguka pikipiki inapoanguka, uso ukabaki wazi.

Kwa hivyo, mnunuzi aanze na komeo. La chuma huwa imara kuliko la plastiki. Aifunge helmeti mara kadhaa, ahakikishe pande zote mbili zimeshika, kisha avute kidevu kwa nguvu. Kikilegea, asiinunue.

Pili, asome lebo. Helmeti zilizopimwa kwa Kanuni Nambari 22 ya Umoja wa Mataifa huwa na herufi E ndani ya duara. Herufi P huonyesha kwamba kinga ya kidevu imepimwa, nayo J ni ya helmeti ya uso wazi. Yenye P/J imepimwa kwa hali zote mbili. Isiyo na alama hiyo isiendeshewe kidevu kikiwa juu.

Tatu ni ukubwa. Helmeti inapaswa kubana mashavu bila kuumiza. Ukanda ukishafungwa, mnunuzi ajaribu kuisukuma kutoka kisogoni kuelekea mbele. Ikivuka kichwa, ni kubwa mno. Kwa kuwa bawaba huongeza uzito, aivae dakika kadhaa apime shingo yake.

Helmeti iliyowahi kugongwa pia iepukwe, kwani povu la ndani huweza kuwa limebonyea ingawa gamba laonekana zima.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), helmeti ikivaliwa ipasavyo hupunguza hatari ya kuumia ubongo kwa hadi asilimia 74. Manufaa hayo humhusu abiria pia, ambaye mara nyingi hubebwa kichwa wazi.