Kaa Wadogo wa Mikokoni: Kila Mmoja na Sahani Yake



Ukifika Gazi, kule Kwale, maji yakipwa utaona matope ya mikokoni yamejaa mashimo, na kila shimo lina mwenyewe. Utajiuliza: kaa wengi hivi wanakula nini? Mbona hawamalizani kwa njaa? Sababu ni kwamba hawali wote kitu kimoja, mahali pamoja, saa moja.

Wa kwanza ni yule mdogo ambaye dume lake lina gando moja kubwa mno. Huyu hula matopeni. Anachota tope kwa gando dogo, anachuja vijimea na bakteria mdomoni, na tope lililobaki analitema kama kidonge. Gando kubwa si la kula, ni la kuita majike na kupigana. Basi dume hula kwa mkono mmoja, jike kwa miwili.

Wa pili hungoja majani yaanguke. Akipata jani la mchu au mkoko, analivuta mpaka shimoni, maji yakijaa yasilichukue.

Wa tatu hupanda mti. Watafiti waliomchunguza hapo Gazi waliona anapanda alfajiri na tena jioni kula majani mabichi juu, kisha anashuka. Wengi hurudia tawi lile lile.

Tusidanganyane, kugombana kupo. Hunyang'anyana majani na mashimo. Lakini mabaki ya mmoja ni chakula cha mwingine: jani likishatafunwa, vipande na mavi yake hulisha bakteria, na bakteria hao ndio anaokula yule wa matopeni.

Sasa hapa ndipo penye taabu yetu. Kaa wala majani hula pia mbegu za mikoko. Kikundi kinapanda leo, baada ya siku chache mbegu zimekatwa. Wengine husema, "Tuwatilie dawa tu!" Hapana. Dawa haichagui, itaua na samaki wachanga na kamba. Tena mashimo ya kaa ndiyo yanayopitisha hewa na maji kwenye tope, na majani wanayoyazika ni mbolea. Afadhali kulea miche kitaluni mpaka shina ligumu kidogo, ndipo mpande. Kaa hupata kazi kuikata.

Msitu ukisimama, faida ipo. Mwaka 2013 watu wa Gazi na Makongeni walianza mradi wa Mikoko Pamoja, wakalinda hekta 117 za mikoko na kulipwa kwa hewa ya ukaa inayohifadhiwa na msitu huo. Pesa zilisaidia maji na shule.

Ya kujadiliana kikundini:
1. Je, sisi sote tunauza kitu kimoja, soko moja, siku moja?
2. Mabaki ya kazi ya mmoja wetu yanaweza kumfaa nani?
3. Ni nani tunayemwita adui wa shamba, kumbe analilisha?