Maji Yasiyobadilika Rangi, Ladha wala Harufu

Mafakihi wametufunza kuyapima maji kwa sifa tatu: rangi, ladha na harufu. Kwa udhu kipimo hicho chatosha. Kwa maji ya kunywa, zama zetu zimeleta uchafu usiogusa hata sifa moja kati ya hizo.

Tuutazame mtaa wa Yamumbi, pembezoni mwa Eldoret, ambako kisima cha uani si jambo geni. Katika mtaa jirani wa Langas, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 ulikuta vijidudu vya kinyesi karibu katika visima vyote vilivyopimwa, kwani vyoo vya shimo vilikuwa karibu mno. Vijidudu hufa maji yakichemka. Mabaki ya dawa hayafi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Moi, hapo hapo Eldoret, pamoja na wenzao wa Ghent, Ubelgiji, waliyapima maji ya Nairobi na Kisumu, wakakuta hata visima vifupi vina dawa ya kupunguza makali ya UKIMWI. Waliyemshuku ni yule yule: choo cha shimo.

Basi, mama wa nyumba anunue chujio? Inategemea matundu ya utando wake. Utando wenye matundu ya sehemu moja ya laki ya milimita huzuia bakteria, na maji hupita kwa uzito wake yenyewe kutoka ndoo iliyoinuliwa. Lakini dawa iliyoyeyuka hupita nayo. Kuizuia kwahitaji matundu madogo mara kumi zaidi, pampu na umeme. Kisha hubaki maji yaliyokolea uchafu, nayo lazima yapate pa kumwagwa. Haya muuzaji hayasemi.

Ndiyo maana wataalamu wanatafuta njia isiyomlemea mtumiaji. Kisumu, mradi wa VicInAqua, uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya tangu 2016, ulijaribu utando uliopakwa kinga dhidi ya utando kuziba, ili maji machafu yafae kufugia samaki. Arusha, Dkt. Askwar Hilonga alichanganya mchanga na chembe ndogo mno zinazonasa kemikali, akatuzwa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza mwaka 2015. Chujio lake hulengwa kwa uchafu wa mahali husika, hivyo maji hupimwa kwanza.

Kwa Yamumbi, nionavyo, kupima ndiko kuanze, kabla ya senti moja kutoka mfukoni. Wakati huo huo maji yaendelee kuchemshwa, na vidonge vilivyobaki visitupwe chooni.