Mtoto wa Trizomi 21 Anapokuwa Mkubwa

Mama, ulileta mtoto wako akiwa mdogo. Ulimpima kilo, ukampatia chanjo, munganga wa watoto akasikiliza moyo wake. Sasa kijana anaota ndevu, ao binti anaanza kuona mwezi. Siku moja utaambiwa: « Huyu si mtoto tena, apite kwa servisi ya wakubwa. » Wamama wengi wakisikia hivyo wanarudi nyumbani, hawaendi tena popote. Hapo ndipo hatari iko.

Trizomi 21 ni nini?

Ndani ya kila chembe ya mwili kuna nyuzi 46 zenye kubeba urithi wa baba na mama. Zinaitwa kromozomu. Mwenye Trizomi 21 ana 47, kwa sababu uzi wa namba 21 uko mara tatu. Watu wa elimu wa Ufaransa walitangaza jambo hilo mwaka 1959. Si ulozi, si laana, wala si kosa la mama.

Ni ya ukoo?

Katika watu 100 wenye Trizomi 21, karibu 95 hawakuirithi. Chembe ziligawanyika vibaya tu. Lakini kwa 3 ao 4, uzi wa ziada umeshikamana na uzi mwingine. Hapo baba ao mama anaweza kuubeba bila kuonekana, hata ndugu zake pia. Kipimo cha damu chenye kuhesabu kromozomu ndicho kinaonyesha tofauti. Ikiwa dada yake anataka kuolewa na ana wasiwasi, jibu liko katika kipimo hicho, si katika maneno ya kartie.

Katika nchi nyingine kuna washauri wa urithi, wenye kazi ya kueleza mambo haya kwa familia na kwa kijana mwenyewe. Kwetu ni wachache sana. Kwa hiyo uliza munganga, na usione haya.

Mwili wake unahitaji nini?

Nchini Marekani, mwaka 1983 watu hawa waliishi wastani wa miaka 25. Leo wanafika karibu 60. Basi safari ni ndefu. Omba haya yaangaliwe:

1. Moyo. Karibu nusu yao wanazaliwa na kasoro ya moyo. Hata aliyepasuliwa aendelee kuangaliwa.
2. Tezi ya shingo. Ikilegea, kijana anachoka, ananenepa, anakuwa mzito wa akili. Damu ipimwe kila mwaka. Dawa iko.
3. Macho na masikio. Ukisema « hasikii neno », labda ni sikio tu.
4. Akili. Kuanzia miaka 40 hivi, wengine wanaanza kusahau. Lakini usiseme upesi ni uzee. Kwanza tezi na masikio vipimwe.

Binti anaweza kubeba mimba, na mtoto wake pia anaweza kuwa na Trizomi 21. Mfundishe mapema mwili wake ni wake, nani anaweza kumgusa, na kusema « hapana » kwa sauti. Wabaya wanatafuta asiyeweza kujieleza.

Anza sasa

Usingoje siku ya kuhama. Akifika miaka 12 ao 13, umuache ajibu mwenyewe munganga akimuuliza: « Unaumwa wapi? » Wewe umalizie. Aweze kutaja jina lake, dawa yake, na mahali anapokaa.

Omba fishi moja yenye kuandikwa: ugonjwa, operesheni, dawa, matokeo ya damu. Uichunge pamoja na karte ya chanjo. Omba pia munganga wa watoto amuandikie barua yule wa wakubwa, na uende naye mara ya kwanza.

Tena, mama, wewe hutaishi siku zote. Chagua ndugu mmoja, mumuonyeshe fishi na dawa, mje naye hapa. Siku utakapokosekana, kijana asikose mtu wa kumfikisha kwa munganga.