Mguu wa matende hauchanjwi chale

Mbagala au Tandale, jijini Dar es Salaam, mguu ukianza kuvimba, wapo watakaosema mtu amekanyaga alichotegewa. Mabusha nayo, pwani yote hii, madafu ndiyo husingiziwa. Basi huchemshwa mwarobaini, hupondwa mlonge, hupakwa mshubiri, na pengine huletwa wembe wa kuchanjia chale ili “uchafu utoke”.

Madafu hayana kosa. Chanzo cha matende na mabusha ni minyoo ya filaria, myembamba kama uzi, ambayo Dar es Salaam huenezwa hasa na mbu aina ya kuleksi, yule anayezaliana kwenye vyoo vya shimo na makaro. Minyoo hiyo hukaa ndani ya mishipa ya limfu, ile inayorudisha maji ya mwilini kwenye damu kupitia tezi. Miaka ikipita mishipa hutanuka, vali zake hulegea, na maji hutuama mguuni.

Mwarobaini una ushahidi, lakini wa chupani: maabara za India zilikuta dondoo lake likiua vijidudu vya filaria wa mifugo. Kati ya chupa na damu ya mtu kuna ini, tumbo na suala la dozi. Utafiti mmoja kwa watu ulifanyika Kasaragod, jimbo la Kerala nchini India. Wagonjwa waliosha miguu, wakailoweka kwenye maji ya mitishamba ya Ayurveda, wakafanya yoga na kufunga bandeji za kubana. Uvimbe ulipungua. Ila vyote vilikwenda pamoja, na mimi sifa ya kwanza naipa sabuni na bandeji.

Kwa nini sabuni? Limfu ikituama, ngozi hukosa ulinzi, na kila ufa kati ya vidole huwa mlango wa bakteria. Zile homa za kutetemesha zenye maumivu ya mguu hutokea hapo, na kila zikirudi huacha uvimbe mkubwa zaidi. Kuosha kila siku, kukausha vizuri katikati ya vidole na kuinua mguu huzipunguza. Chale huongeza milango.

Kingatiba ya ivamektini na albendazoli, iliyoanza kugawiwa Dar es Salaam mwaka 2006, husafisha vijidudu vya filaria kwenye damu. Mguu uliokwisha kuharibika hairudishi. (Ivamektini nayo ina asili yake: bakteria wa udongo wa Japani. Lakini ilipimwa.) Busha lililokwisha kujaa maji halikaushwi na majani; dawa yake ni upasuaji.

Mwenye mwarobaini uani anaweza kuogea maji yake, yakiwa yamepoa na ngozi haina kidonda. Sabuni iwepo.