Samaki wa Ifakara wanaotaka maji yakauke

Mtu wa Ifakara akiamua kufuga samaki wa mapambo, kwanza hutamani wale wa baharini. Tamaa hiyo ina bei. Bahari iko takriban kilomita 400 kwa barabara, na maji ya bahari ya kutengeneza nyumbani yanataka gramu 35 hivi za chumvi maalumu kwa kila lita. Tangi la lita 100 hula kilo tatu na nusu kabla hujatia samaki hata mmoja, na kila ukibadilisha maji unanunua tena. Kuzalisha ndiko kugumu zaidi. Chukua yule samaki wa rangi ya chungwa mwenye mikanda myeupe anayeishi ndani ya anemoni. Mayai yake huanguliwa baada ya wiki moja hivi, lakini vitoto vyake ni vidogo mno, hivyo inakubidi ufuge rotifa, vijidudu vya majini, wa kuvilisha, na kabla ya rotifa ufuge mwani wa kulisha rotifa. Hiyo ni mifugo mitatu chumba kimoja, yote ikitegemea umeme usikatike. Mwenye uwezo simkatazi.

Ninachoshangaa ni kwamba kwenye mbuga za udongo mweusi zinazouzunguka mji huohuo wanaishi samaki ambao wafugaji wa Ulaya na Marekani hulipia mayai yao kwa furaha, nasi tunawapita tukienda shamba.

Ni jamii ya Nothobranchius. Spishi moja imepewa jina la bonde letu la Kilombero, Nothobranchius kilomberoensis. Walioieleza kitaalamu, mwaka 2002, ni Ruud Wildekamp, Brian Watters na Ian Sainthouse. Ni samaki mdogo, wa sentimita tano hivi. Dume ana buluu na nyekundu za kumfanya mtu auache mpunga wake asimame kutazama. Jike ni wa kijivujivu, ukimwona peke yake hutamdhania ndugu yake. Unguja wana wao, N. guentheri, aliyeelezwa na mtaalamu Pfeffer mwaka 1893, ambaye amezaliana kwenye matangi ya nyumbani nchi za mbali kwa miongo mingi.

Bonde la Kilombero liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu mwaka 2002, likiwa na karibu kilomita za mraba 8,000. Mvua huanza Novemba au Desemba, maji hutapakaa kati ya Machi na Mei, kisha jua huanza kuyadai. Kambale na perege wana mto wa kurudi. Samaki wetu hana. Anaishi kwenye vidimbwi vya pembeni, ambavyo vikikauka yeye hufa, dume na jike, wote. Kinachobaki ni mayai ndani ya tope, kila moja likiwa na kipenyo cha milimita moja hivi. Mvua inayofuata huwakuta watoto tayari kuogelea, ndiyo maana sehemu mbalimbali za Afrika watu wamesema samaki wa aina hii hushuka na mvua.

Hapa ndipo penye utaalamu wote, na ndipo mfugaji mgeni huharibikiwa. Yai la samaki huyu limeumbwa kusimama. Kiinitete kinaweza kusitisha ukuaji katika hatua tatu: mapema kabisa kabla mwili haujaanza kujipanga, katikati ambapo moyo umeshaanza kazi, na mwisho ambapo kitoto kimekamilika, macho yanaonekana, kinangoja maji tu. Tena mayai ya jike mmoja hayaendi pamoja. Mengine hupita hatua hizo haraka, mengine huchelewa, kwa hiyo mvua ya uongo ya Oktoba ikiangua baadhi na kidimbwi kikakauka tena, wengine bado wamo ardhini. Mfugaji anayeyaacha mayai haya kwenye maji, kama angefanya kwa samaki wengine, hupata ukungu, au kitoto kimoja kimoja cha bahati.

Basi kazi yenyewe huenda hivi. Tangi la lita 20 linatosha dume mmoja na majike wawili au watatu. Ukiweka jike mmoja, dume atamsumbua mpaka amchoshe. Weka ndani bakuli lenye kokopiti, ile ya makumbi ya nazi wanayotumia wakulima wa miche, uliyoichemsha na kuisuuza mpaka maji yake yapungue rangi. Dume atamwongoza jike humo, atambana kwa mapezi, na mayai yatazama kwenye kokopiti, makumi kwa siku jike akiwa ameshiba. Baada ya wiki moja au mbili mimina kila kitu kwenye chujio, kamua taratibu, tandaza juu ya gazeti kwa saa chache. Unyevu unaotakiwa ni wa tumbaku ya kusokota: ukiifinya haitoi tone, ukiiachia haipeperuki. Funga kwenye mfuko wa plastiki, uweke mahali penye joto la kawaida la chumba pasipopigwa na jua.

Kisha usubiri. Kwa spishi nyingi za jamii hii ni miezi miwili hadi sita, na joto likizidi muda hufupika. Tazama mayai kwa kioo cha kukuzia. Ukiona macho meusi yenye duara la dhahabu, wakati umefika. Mwagia maji ya baridi kuliko ya chumbani, ya mtungini ni mazuri. Ndani ya saa chache vitoto hutoka. Ukimwagia mapema mno au ukichelewa sana, wengi hushindwa kujaza kibofu cha hewa na hubaki wakijiburuza chini maisha yao yote. Ile kokopiti usiitupe. Ikaushe tena, uifunge, uimwagie tena baada ya wiki chache: wale waliochelewa watatoka.

Vitoto hula siku ileile. Artemia, vijikamba vya maji ya chumvi, waliotoka kuanguliwa ndio chakula bora, ila mkebe wa mayai ya artemia ni ghali. Viroboto maji wadogo wa dimbwini, waliochujwa kwa kitambaa, hufaa. Wakubwa hupenda kilicho hai, na chakula kikavu cha dukani wengi hukikataa. Viluwiluwi wa mbu ni karamu kwao. Mtafiti Vanderplank aliandika tangu mwaka 1941 juu ya kuwatumia samaki hawa dhidi ya malaria. Lakini katika mji ambao Taasisi ya Afya Ifakara imetumia miaka mingi kuchunguza mbu, usifuge viluwiluwi kwenye ndoo ya uani. Lisha kiasi kinachomalizika mbele ya macho yako.

Ugonjwa unaowaandama ni ule wa vumbi la dhahabu mwilini, unaosababishwa na kimelea. Kijiko cha chai cha chumvi isiyo na madini joto kwa lita nne au tano za maji husaidia kuuzuia.

Usitarajie umri mrefu. Wiki chache na tayari wanataga. Wengi hawamalizi mwaka hata tangini. Kwa hiyo anayefuga Nothobranchius anafuga ukoo, si samaki. Mfano ninaoupenda ni wa binamu yao wa Zimbabwe, N. furzeri, aliyekusanywa Gonarezhou mwaka 1968. Kizazi cha wale wa 1968 kingali hai kwenye maabara, ikiwemo Taasisi ya Max Planck ya Köln, Ujerumani, inayochunguza uzee kwa sababu samaki huyu huzeeka ndani ya miezi. Zaidi ya nusu karne, na waliomtunza mwanzoni walikuwa wafugaji wa nyumbani wakitumiana mayai kwa posta.

Huku kwetu vidimbwi vinalimwa, vinafukiwa kwa barabara, vinapokea dawa za mashambani. Kidimbwi kilichochongwa kuwa mfereji hakirudi. Siamini kwamba tangi la sebuleni linachukua nafasi ya mbuga, ila ukoo uliotunzwa ni bora kuliko ukoo uliosahauliwa.

Ukiamua kuanza, mwone kwanza afisa uvuvi wa halmashauri yako, hasa ukifikiria kuuza au kusafirisha, maana Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakuhusu. Na usichote ndani ya hifadhi. Chukua wachache, usimalize kidimbwi. Usichanganye samaki wa kidimbwi kimoja na wa kingine, na wa tangini usiwarudishe mbugani. Kwenye kila mfuko wa mayai andika jina la spishi, kijiji walikotoka na tarehe uliyoyakusanya. Mfuko usio na maandishi hayo hakuna mfugaji makini atakayeupokea.