Je, wajua? Gitaa kavu na hewa ya Nyanda za Juu

Mwaka 1862 fundi wa Kihispania, Antonio de Torres, alitengeneza gitaa ambalo mgongo na mbavu zake hazikuwa za mti. Zilikuwa za karatasi iliyogandamizwa kwa gundi. Uso tu, yaani ule ubao wa mbele wenye tundu, ndio alioutengeneza kwa mbao kama kawaida. Gitaa hilo bado lipo, limehifadhiwa katika makumbusho ya muziki mjini Barcelona. Torres alitaka kuthibitisha jambo moja: sauti ya gitaa hutoka usoni, na vilivyobaki ni vya kuushikilia huo uso.

Kijana wa Tukuyu au Kilolo anayekata galoni la bati, akalitia shingo ya mbao na kulivika waya wa breki ya baiskeli uliofumuliwa, anaijua kanuni hiyo kwa mikono yake. Hajali sana umbo la galoni. Anachotafuta ni bati jembamba ambalo likiguswa kwa ukucha linaitika. Penye uhaba wa waya, mshipi wa kuvulia samaki unatosha kwa nyuzi nyembamba. Gitaa la namna hiyo si kichekesho. Limefundisha vidole vingi kabla ya mwenye vidole kugusa gitaa la dukani.

Uzi peke yake ni kama bubu. Ukaze kati ya misumari miwili kwenye ukuta wa mawe, uudonoe, utasikia kidogo mno, kwa sababu uzi mwembamba hupita hewani bila kuisukuma. Ukiukalisha juu ya daraja lililogandishwa kwenye uso wa gitaa, mtetemo wake huingia ubaoni, ubao wote ukacheza, na hewa ya nje na ya ndani ya kasha ikasukumwa pamoja. Kasha na tundu lake huzipa nguvu zaidi sauti nzito, zile za karibu na mitetemo 100 kwa sekunde. Uzi wa tano ukituniwa kwa kawaida hutetema mara 110 kwa sekunde. Ule mnene wa sita ni mara 82, na ule mwembamba wa kwanza mara 330 hivi.

Ili uso ucheze hivyo inabidi uwe mwembamba: milimita 2.5 hadi 3, si zaidi sana. Hapo ndipo ugumu unapoanza, kwa maana nyuzi 6 za chuma zikishatuniwa huvuta kwa nguvu ya kilo 75 hivi, kama mfuko mmoja na nusu wa saruji, mchana na usiku, miaka nenda miaka rudi. Chini ya uso mafundi hubandika fito za kuusaidia. Mpangilio wa fito mbili kubwa zinazokatana kama herufi X ulienezwa Marekani na karakana ya C. F. Martin tangu miaka ya 1840, na magitaa mengi ya nyuzi za chuma yaliyopo leo yanaufuata. Fito zikizidi unene, gitaa litaishi muda mrefu lakini litanong'ona. Zikipungua mno litaimba vizuri, kisha siku moja daraja litabinuka. Kila gitaa zuri limetengenezwa karibu na kuvunjika.

Kuna nguvu nyingine ambayo mnunuzi wa Mbeya au Iringa haelezwi dukani: hewa. Mbao iliyokauka haiachi kunywa unyevu wa hewa na kuutoa tena. Ikinywa hutanuka, ikikauka hunywea, na hufanya hivyo kwa upana wa nyuzinyuzi zake, si kwa urefu. Uso wenye upana wa sentimita 40 ukihama kutoka hewa ya wastani kwenda hewa kavu sana unaweza kupungua milimita moja hadi mbili. Fito za chini, ambazo nyuzinyuzi zake zinakwenda upande mwingine, hazipungui nao. Basi uso huvutwa pande mbili kwa wakati mmoja, na ukishindwa hupasuka kwa mstari ulionyooka kama uliochorwa kwa rula.

Fikiria sasa gitaa linalosafiri kutoka Tukuyu kwenda Iringa. Miteremko ya Rungwe hupata mvua inayopita milimita 2,000 kwa mwaka. Iringa mjini haipati hata nusu ya hiyo, na kuanzia Juni hadi Oktoba upepo wa kipande kile cha nchi hukausha midomo ya watu, sembuse ubao wa milimita tatu. Ni safari ya siku moja kwa basi, kupitia Uyole, Makambako na Mafinga, lakini kwa gitaa ni kama kuhama nchi. Likikaa kwenye buti ya basi lenye joto kali, gundi ya daraja nayo hulegea. Mwenye gitaa hupanda nalo ndani, hata kama kondakta ananung'unika.

Watu wengi wa Nyanda za Juu huliogopea gitaa baridi. Baridi yenyewe haina neno kubwa. Kinachoua ni ukavu, na dawa ya baridi mara nyingi huzidisha ukavu: jiko la mkaa likiingizwa chumbani usiku wa Julai, hewa hupata joto lakini haipati maji, na mbao huanza kutoa maji yake. Dalili ya kwanza huonekana shingoni. Vile vipande vya chuma vya kubonyezea, freti, havinywei pamoja na mbao, kwa hiyo ncha zake hujitokeza pembeni na kuukwaruza mkono. Baadaye uso huzama kidogo, nyuzi hushuka na kuanza kugonga freti kwa mlio wa nyuki. Masika mambo hugeuka. Uso huvimba, nyuzi hupanda juu, na mwanafunzi anayeumia vidole hudhani hana kipaji, kumbe gitaa limelewa maji.

Magitaa ya mbao hupenda hewa yenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Kipimo kidogo cha unyevu si ghali siku hizi, na mtu mwenye gitaa la uso wa mbao halisi ningemshauri akinunue kabla ya seti ya pili ya nyuzi. Wakati wa kiangazi, chukua kisahani cha sabuni chenye matundu, weka ndani yake sifongo iliyolowekwa na kukamuliwa hadi isidondoshe hata tone, kisha kifungie pamoja na gitaa ndani ya kasha lake. Sifongo ikikauka, irudie. Wakati wa mvua, kitoe kisahani, na gitaa likae ndani ya kasha, mbali na ukuta wa nje na mbali na sakafu ya saruji. Kulitundika ukutani kama picha ni kulitoa sadaka kwa hali ya hewa.

Wauzaji wa magitaa ya bei nafuu walilitambua tatizo hili zamani. Kampuni ya Gallo ya Johannesburg, iliyotokana na duka la santuri alilofungua Eric Gallo mwaka 1926, iliuza magitaa yenye jina Gallotone, ambayo wanamuziki wetu wa zamani waliyaita galatoni. Aina moja, Gallotone Champion, ilibandikwa karatasi ndani ya tundu yenye ahadi kwamba gitaa hilo halitapasuka. John Lennon wa Beatles alikuwa na moja la aina hiyo mjini Liverpool, ndilo alilolipiga siku alipokutana na Paul McCartney, Julai 6, 1957. Mwaka 1999 liliuzwa kwa mnada London kwa zaidi ya pauni 140,000. Siri ya gitaa lisilopasuka kwa kawaida ni plaiwudi: tabaka za mbao zilizogandishwa kwa kupishana, kila moja ikiizuia nyingine kunywea. Plaiwudi ni ngumu kuitikisa kuliko ubao mmoja mwembamba, hivyo sauti hupungua. Kwa mtu anayehama kati ya Chunya, Makete na Iringa bila kasha, naona ni biashara ya haki, na sikubaliani na wanaoidharau.

Anayenunua la mitumba, iwe Mwanjelwa mjini Mbeya au Miyomboni mjini Iringa, asidanganywe na rangi. Kwanza alitazame shingo kwa jicho moja kutoka kichwani, kama seremala anavyotazama ubao. Mpindo mdogo kuelekea mbele ni wa kawaida, na kama ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma unarekebishika kwa kuizungusha robo mzunguko, kusubiri, kisha robo nyingine. Halafu apitishe karatasi nyuma ya daraja. Ikiingia chini yake, daraja limeanza kung'oka, na hiyo ni kazi ya fundi. Mwisho agonge uso taratibu kwa kifundo cha kidole, sehemu moja hadi nyingine. Fito iliyoachia hujibu kwa mlio wa kutikisika. Kwenye freti ya 12, uzi ukiwa juu yake kwa milimita 2.5 hivi, vidole vitakuwa na raha.

Nyumbani kazi si kubwa. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila umalizapo, maana jasho ndilo linalozila. Zilegeze kidogo kabla ya safari ndefu, lakini usizilegeze kila usiku. Shingo hupenda mvuto usiobadilikabadilika.

Mbao zenyewe nyingine ni za kwetu. Mninga, ambao kila seremala wa Iringa anaujua kwa vitanda na milango, hutumiwa na mafundi wa nje kwa migongo na mbavu za magitaa kwa sababu hunywea kidogo sana. Mpingo, mzito kiasi cha kuzama majini, ni mbao ya ubao wa vidole na ya klarineti na zumari za dunia nzima. Tangu mwaka 2017 jamii yote ya mpingo imo katika orodha ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, ingawa mwaka 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika vililegezewa masharti. Mbao zinaondoka kwetu zikiwa vipande, na magitaa tunayapokea yakiwa mitumba. Ningependa kuiona karakana ya Mafinga au Mbeya ikiligeuza hilo.

Gitaa lilipofika Nyanda za Juu halikukuta masikio matupu. Wahehe walikuwa na ligombo, mti uliochongwa kwa umbo la sinia refu, uzi mmoja ukipitishwa kwenda na kurudi kwenye mapengo ya ncha zake hadi ukawa nyuzi kadhaa, na kibuyu cha kukuza sauti. Mpigaji huimba huku akidonoa. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alizunguka Tanganyika na mitambo yake ya kurekodi, na Wahehe walikuwa miongoni mwa waliorekodiwa. Hazina yake imo katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, na sehemu ya nyimbo za Tanganyika imeshatolewa kwenye CD.

Tracey huyo huyo ndiye aliyemrekodi Mwenda wa Bayeke, aliyezaliwa Bunkeya, Katanga, mwaka 1930, na kuimba Kiswahili cha Katanga. Wimbo wake wa gitaa, Masanga, ulisambaa sehemu nyingi za Afrika miaka ya 1950. Msikilize ukiwa na gitaa mkononi. Mwenda alitumia dole gumba na kidole cha shahada tu, gumba likishika nyuzi nzito kwa mwendo wake, shahada ikijibu kwa mwendo mwingine, hata wengi waliosikia santuri wakadhani ni magitaa mawili. Katika miaka hiyo vijana wa Rungwe walikuwa wakienda migodini Rhodesia ya Kaskazini na Afrika Kusini, na katika kambi za migodi za eneo lile zima magitaa na santuri vilikuwa mali ya kutamaniwa. Wapigaji wa zama hizo walipandisha ufunguo kwa kufunga penseli shingoni kwa uzi au mpira. Njia hiyo bado inafanya kazi vilevile.

Baadaye umeme ulichukua nafasi. Miaka ya 1980 Iringa ilikuwa na TANCUT Almasi, bendi ya kiwanda cha kukata almasi, iliyovuma na sauti za pacha Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa. Gitaa la umeme husikilizwa na sumaku, si na uso wa mbao, ndiyo maana halijali sana kiangazi.

Kanda, kwa upande wake, inajali. Majumbani Mbeya na Iringa kuna kaseti za kwaya, za harusi, za babu aliyepiga galatoni barazani, na nyingi hazina nakala nyingine popote. Utepe wa kaseti una upana wa milimita 3.8, na hupita kwenye mashine kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde. Ukungu wa masika huula, jua la dirishani huupinda, spika yenye sumaku kubwa huufuta. Zisimamishe kaseti wima, mahali pakavu penye kivuli. Kabla ya kuipiga kanda iliyolala miaka mingi, ipeleke mbele hadi mwisho na kuirudisha polepole, safisha kichwa cha mashine kwa spiriti, kisha inakiliwe kwenye kompyuta mara hiyohiyo ya kwanza, maana inaweza kuwa ndiyo ya mwisho.

Na wakati wa kunakili, andika jina la mpigaji, kijiji, mwaka, na jinsi gitaa lilivyotuniwa kama bado yupo anayekumbuka. Mashine nyingi za zamani zilikwenda kasi au polepole kuliko inavyotakiwa, na wimbo ukapanda au kushuka pamoja nazo. Tracey alitembea na seti ya vyuma vya kupimia sauti na kuandika mitetemo ya vyombo alivyovikuta. Kwa kanda ya nyumbani, iliyorekodiwa kwa umeme wa TANESCO, msaada upo ndani yake: mvumo wa chini wa umeme ni mitetemo 50 kwa sekunde au mara mbili yake, 100. Ukiupima ukakuta 53 badala ya 50, punguza mwendo wa nakala hadi urudi 50, na gitaa la babu litarudi kwenye tuni yake.